Umepunguza patisheni, Linux imegoma kuwaka? Usikimbilie kufomati

Huwakuta sana wanaotaka kuweka Windows pembeni ya Linux. Patisheni inapunguzwa, kompyuta inawashwa upya, na badala ya desktopu inakuja skrini nyeusi yenye maandishi. Wengi hapo hukata tamaa na kufomati, kumbe data zao bado zipo.

Nini kimeharibika?

Chukulia patisheni ni kiwanja, na mfumo wa faili (mara nyingi ext4) ni nyumba iliyojengwa ndani yake. Ukitaka kupunguza, unaanza na nyumba, ndipo unasogeza mpaka. Ukitaka kupanua, unaanza na mpaka.

Anayepunguza mpaka kwanza kwa fdisk anaacha baadhi ya vyumba nje ya kiwanja. Vyumba bado vimesimama, ila Linux inakataa kuingia. Ukiandika `dmesg` utaona kitu kama hiki:

`EXT4-fs (sda2): bad geometry: block count 26214400 exceeds size of device (15728640 blocks)`

Yaani mfumo wa faili una bloku 26,214,400, lakini patisheni imebakiwa na 15,728,640. Kwa bloku za baiti 4,096, ni GiB 100 zinazolazimishwa kukaa kwenye GiB 60.

Fanya hivi, kwa utaratibu huu

1. Acha kuandika chochote kwenye diski hiyo. Washa kompyuta kwa flashi yenye Linux. Kama una diski ya nje yenye nafasi, nakili diski nzima kwa ddrescue kabla ya kugusa kitu.

2. Usilazimishe ukarabati. Ukiendesha e2fsck sasa, itakuambia ukubwa haulingani na kuuliza `Abort?`, yaani isimamishe kazi? Jibu ni `y`. Ukijibu `n`, inaendelea kukarabati nyumba ambayo haioni vyumba vyake vyote, na hapo ndipo faili hupotea kweli.

3. Rudisha mpaka. Zidisha bloku kwa 8 upate sekta za baiti 512: hapa ni 209,715,200. Kwa fdisk, futa patisheni hiyo na uitengeneze tena ikianzia sekta ileile ya mwanzo, iwe na angalau ukubwa huo. Kufuta hapa kunagusa jedwali la patisheni tu, si faili. Fdisk ikiuliza kama iondoe alama ya ext4, jibu ni hapana.

4. Kagua bila kuandika: `e2fsck -fn /dev/sda2`. Makosa yakiwa machache, rudia bila `n`.

Kama bado inagoma

Ukiona `Bad magic number in super-block`, huenda sekta ya mwanzo imekosewa. Programu ya bure ya TestDisk inaweza kutafuta ilipoanzia patisheni ya zamani.

Kama mwanzo ni sahihi ila superbloku ndiyo imeharibika, ext4 huweka nakala zake. Kwa bloku za 4,096, ya kwanza kwa kawaida iko bloku ya 32768: `e2fsck -b 32768 -B 4096 /dev/sda2`.

Lakini kama nafasi iliyoachwa tayari imefomatiwa na Windows imewekwa juu yake, vilivyoandikwa juu havirudi. Vilivyobaki mwanzoni mwa patisheni bado vinaweza kuokolewa, na PhotoRec husaidia kuvuta picha na nyaraka.

Safari nyingine

Tumia GParted: hupunguza mfumo wa faili kwanza, kisha mpaka, yenyewe. Angalia pia aina ya mfumo wako, maana XFS hupanuliwa kirahisi lakini GParted haiwezi kuupunguza. Na kabla ya yote, nakili faili muhimu kwenye diski nyingine. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hata GParted haina ujanja.