Arobaini na Mgawanyo wa Uchovu wa Ulezi katika Mwambao wa Waswahili

Miongoni mwa Waswahili wa mwambao wa Afrika Mashariki, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Bagamoyo na visiwa vya Unguja na Pemba, mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi kwa muda wote anaokaa ndani baada ya kuzaa, na katika muda huo huhesabiwa kuwa mtu asiyestahili kupewa kazi wala kuachwa peke yake. Muda huo ni arobaini, yaani siku 40 tangu kujifungua, na ingawa wengi siku hizi wakitajiwa arobaini huwazia shughuli ya kumtoa mtoto nje, yenye pilau na wageni, kiini chake kilikuwa utaratibu wa kugawana uchovu wa kulea mtoto mchanga. Utaratibu huo haukuachiwa huruma ya mtu mmoja mmoja, kwa sababu mila ilikwisha kuamua nani afanye nini na kwa muda gani.

Urefu wa muda wenyewe umeshikamana na sheria ya dini. Waswahili walio wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambamo nifasi, yaani damu inayomtoka mwanamke baada ya kuzaa, huhesabiwa kwa kawaida kuwa siku 40 na haizidi 60, na mwanamke aliye katika nifasi hasali wala hafungi. Hata hivyo fikihi haikuagiza kwamba mzazi akandwe, apikiwe na kupokewa mtoto usiku. Hayo yaliongezwa na wanawake wenyewe, nayo yalishikwa kwa uzito uleule wa mambo ya dini, hata Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake ni sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichohaririwa na Carl Velten na kuchapwa Ujerumani mwaka 1903, akaona vema kuyaeleza mambo ya mimba na uzazi pamoja na yale ya ndoa, mazishi na utawala.

Mwenye mimba ya kwanza aghalabu hurudi kwao kujifungua, na hekima ya desturi hiyo si ya kutafuta mbali, kwani nyumbani kwa mamake mwanamke anaweza kusema kwamba amechoka bila kuonekana mvivu mbele ya mamamkwe na mawifi. Hapo hushikwa na mkunga au mwanamke mwingine mtu mzima, ambaye humkanda kwa maji ya moto, humsinga kwa mafuta na kumfunga mkaja, yaani kitambaa kirefu kinachozungushwa tumboni kwa kukazwa ili tumbo lirudi na mgongo upate nguvu. Chakula chake hupikwa mbali na cha wengine: uji uliotiwa pilipili manga, supu ya kuku, na mchuzi wa pweza unaosifiwa kwa kuleta maziwa. (Wachaga nao, huko Kilimanjaro, huwapa wazazi wao mtori, ambao ni ndizi zilizopondwa pamoja na nyama, kwa nia hiyohiyo.) Mtoto huogeshwa, huvishwa na kulazwa na mikono mingine, na mama huletewa anyonyeshe, kisha akapokewa.

Mila hiyo iliambatana na katazo la kumwacha mtoto mchanga peke yake chumbani, kwa kuchelea shetani na kijicho, na ndiyo maana akapakwa wanja usoni na pengine kuwekewa kisu au kipande cha chuma karibu na mto. Msomaji wa leo anaweza kuyaita hayo ushirikina na asiyaangalie tena, lakini matokeo yake yalikuwa kwamba chumbani kulikuwa na mtu mzima wa pili usiku na mchana, na mama aliyekesha na mtoto mlizi aliweza kulala alfajiri bila kuomba ruhusa. Baba ndiye aliyesamehewa karibu yote. Wajibu wake ulikuwa kuleta kuku, kuni na fedha, pamoja na mnyama wa akika, yaani sadaka ya kuchinja inayotolewa kwa ajili ya mtoto, aghalabu siku ya saba, siku ambayo pia hunyolewa nywele zake za kuzaliwa. Usiku alilala kwingine.

Kinga hiyo yote ilikuwa na kikomo, na methali isemayo kuwa kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, yaelekea ilitungwa na mtu aliyeipita siku ya 41. Tangu hapo mama alitegemea zaidi nafasi kati ya uzazi mmoja na mwingine, na nafasi hiyo ililindwa kwa njia mbili. Kurani imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa mwenye kutaka kuitimiza, na ilipotimia mtoto alilikizwa, yaani aliachishwa ziwa, aghalabu kwa mama kupaka chuchu shubiri, ambayo ni dawa chungu sana. Njia ya pili ni imani ya kubemenda, kwamba wazazi wakikutana kimwili kabla ya wakati mtoto anyonyaye hudhoofika, hukonda na kuchelewa kutembea. Tiba ya kisasa haiungi mkono sababu hiyo, na imani yenyewe imewaumiza wanawake wengi waliolaumiwa kwa utapiamlo au maradhi ya watoto wao. Lakini haiwezi kukanwa kwamba ilimpa mwanamke hoja ambayo mume alishindwa kuipinga mbele ya wazee, na ikamwepusha na kubeba mimba huku angali na mtoto mgongoni.

Deni la uchovu huo lilikumbukwa miaka mingi baadaye, siku ya kumposa binti. Mbali na mahari, ambayo ni haki ya bibi arusi mwenyewe, upande wa mume hudaiwa mkaja na ubeleko, ambavyo ni vipawa vya mama: cha kwanza kwa ajili ya tumbo lililofungwa kitambaa, cha pili kwa ajili ya mgongo ulioeleka, ubeleko ukiwa ni nguo ya kumfungia mtoto mgongoni. Baba hupewa kilemba, lakini hakuna kipawa kinachoitwa kwa jina la kukesha kwake.

Kazi ya mchana ilipunguzwa na nyumba yenyewe. Nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi wa kati, vyumba pande zote mbili na uani nyuma ambako wanawake wa vyumba vyote hupika, hufua na kusukana, ilimfanya mtoto anayetambaa kuwa chini ya macho ya wengi, na mtoto wa kike wa miaka saba au minane alikabidhiwa mdogo wake ampakate. Huo nao ulikuwa uchovu uliohamishwa, ukawekwa juu ya mtu asiyeweza kukataa. Katika nyumba za matajiri ulihamishiwa kwa watumwa: Salme binti Said, bintiye Sultani Seyyid Said, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizotoka Ujerumani mwaka 1886 jinsi watoto wa jumba walivyowekwa mikononi mwa yaya. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, lakini yaya hakuondoka.

Katika majengo ya ghorofa ya Dar es Salaam na Mombasa hakuna uani, mama mzaa mama yumo mkoa mwingine au bado ameajiriwa, na arobaini yenyewe imebaki zaidi kuwa siku moja ya picha na sare kuliko siku 40 za msaada. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa mama siku 84 za likizo yenye malipo, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na muda usiozidi saa mbili kwa siku wa kunyonyesha atakaporudi kazini, ilhali baba hupewa siku zisizopungua tatu. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, hutoa miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba. Likizo ikiisha, pengo huzibwa na dada wa kazi, msichana anayetoka mashamba au mikoa ya bara, ambaye hulala chumba kimoja na mtoto na kuamka kila anapolia, mara nyingi bila mkataba wa maandishi unaosema saa zake za kazi huanza na kuisha lini. Wako miongoni mwao waliokwisha kuzaa, na watoto wao wameachwa kijijini kwa bibi zao, wanawake wa umri wa kukandiwa miguu wao wenyewe, ambao wameanza upya kuchemsha uji usiku.