Keki ya Jibini: Asili Yake na Namna ya Kuioka Nyumbani



Kila masika vyama vyetu vya wafugaji hukabiliwa na jambo lile lile. Majani hustawi, ng'ombe huongeza maziwa, na maziwa ya jioni hukosa mnunuzi. Mengine hufanywa mtindi, na yanayosalia humwagwa. Makala hii yakusudia kueleza njia mojawapo ya kuyaokoa maziwa hayo: kuyageuza jibini laini, kisha kuyaokea keki ya jibini, chakula ambacho mahoteli na wenye sherehe hukilipia bei nzuri.

Chakula hiki si kigeni duniani. Kiasi cha mwaka 160 kabla ya Kristo, Cato, kiongozi wa Roma aliyekuwa pia na mashamba, aliandika kitabu cha kilimo, na ndani yake akaeleza mapishi ya mkate uitwao libum. Kipimo chake kilikuwa ratli 2 za jibini, ratli 1 ya unga wa ngano na yai 1. Mkate huo uliwekwa juu ya majani, ukafunikwa kwa chombo cha udongo, ukaokwa polepole juu ya meko yenye moto. Alitaja pia savillum, yenye jibini nyingi, unga kidogo, yai na asali, ambayo ililiwa kwa kijiko. Hiyo yakaribiana zaidi na keki ya leo.

Baadaye kila nchi ya Ulaya iliifuata njia hiyo kwa jibini yake yenyewe. Wajerumani hutumia quark, Wapolandi twaróg, na Waitaliano ricotta. Hakuna hata moja kati ya jibini hizi inayohitaji kuhifadhiwa miezi mingi. Zote ni jibini changa. Huko Marekani, katika miaka ya 1870, William Lawrence wa mji wa Chester, jimbo la New York, alianza kutengeneza jibini laini yenye malai mengi. Mwaka 1880 jibini hiyo ilianza kuuzwa kwa jina la Philadelphia, ingawa ilitengenezwa New York, kwa kuwa Philadelphia ulikuwa mji wenye sifa ya maziwa bora. Jibini hiyo ndiyo iliyokuja kuipa keki ya New York uzito na ulaini wake. Hapa pana funzo kwa vyama vyetu: sifa njema ya maziwa ni mali, nayo hujengwa kwa miaka mingi na huweza kupotea kwa siku moja.

Sasa tueleze utengenezaji wake.

Jibini. Chukua lita 4 za maziwa mazima, yaliyokamuliwa kwa usafi, ambayo hayajachacha wala kutiwa maji. Yasiwe ya ng'ombe mgonjwa au aliye katika siku za matibabu. Yachemshe huku ukikoroga ili yasiungue chini. Yakishachemka, epua, kisha tia maji ya limau kidogo kidogo, jumla kiasi cha nusu kikombe, hata uone mabonge meupe yakijitenga na maji ya rangi ya kijani hafifu. Acha dakika 10, kisha chuja kwa kitambaa safi cha shashi kwa muda wa saa moja hivi. Utapata karibu gramu 700 za jibini. Kuchemsha huku kusirukwe, kwa maana maziwa mabichi huweza kubeba vijidudu vya brusela na kifua kikuu. Maji yaliyochujwa yasimwagwe. Yafaa kukandia unga wa mkate au kunyweshea nguruwe.

Kitako. Twanga gramu 200 za biskuti zisizo na krimu, changanya na gramu 80 za siagi iliyoyeyushwa, kisha shindilia ndani ya tini ya keki iliyopakwa siagi.

Mchanganyiko. Ponda jibini na kuipitisha katika chekecheo hata iwe laini kabisa, kwa kuwa jibini ya limau huwa na chembechembe. Ongeza gramu 175 za sukari, kikombe kidogo cha malai au mtindi mzito, vijiko 2 vya unga wa ngano, chumvi kidogo na ganda la limau lililokwaruzwa. Mwisho tia mayai 4, moja moja, bila kupiga sana. Hewa nyingi huifanya keki iumuke, kisha ishuke na kupasuka.

Uokaji. Jina la keki lisitudanganye. Chakula hiki hakishikwi na unga bali na mayai, na mayai yakizidishiwa moto hukaza na kutoa maji. Kwa hiyo moto uwe wa wastani: katika oveni, nyuzi 160 za sentigredi kwa muda wa dakika 50 hadi 60. Asiye na oveni atandaze mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, aweke tini juu yake, afunike, na atie makaa machache chini na juu ya mfuniko, kama Warumi walivyofanya kwa chombo chao cha udongo. Keki imeiva kando zikishikamana na katikati ikitikisika kidogo. Iache ipoe polepole, kisha ilale katika jokofu usiku kucha. Iliwe ndani ya siku 3. Pasipo jokofu, isiokwe kwa ajili ya kuuza.

Lipo jambo la mwisho, nalo ndilo kubwa kwa chama. Kabla ya kununua oveni au jokofu kwa fedha za wanachama, kikundi kioke keki chache za majaribio na kuandika kila gharama: maziwa kwa bei ile ile anayolipwa mfugaji, mayai, sukari, biskuti, siagi, mkaa, usafiri na ujira wa mwokaji. Jumla igawanywe kwa idadi ya vipande vilivyouzwa kweli, si vilivyokatwa. Maziwa ya ziada yasihesabiwe kuwa ya bure, kwani yana mwenyewe. Ikiwa bei ya kipande haifidii gharama hizo, heri chama kiendelee na mtindi, na keki ibaki kuwa kitoweleo cha nyumbani siku ya sikukuu. Ikifidia, mpango upelekwe mbele ya mkutano mkuu pamoja na hesabu zake, wanachama waamue wenyewe.

Wahenga wa biashara walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.