Siku 14 Baada ya Hukumu

Biashara ya dawa za kulevya sote twaichukia. Tumewazika vijana wetu kwa sababu yake, na wengine twawauguza hadi leo. Hata hivyo, Suratun-Nisaa, Aya ya 135, yatuamrisha kusimamia uadilifu pasina kumpendelea jamaa wala kumwonea mtu. Basi mama anayemkatia rufaa mwanawe hautetei unga. Anaomba hukumu ipimwe tena.

Jambo la kwanza ni wakati. Sheria ya Kenya humpa aliyehukumiwa siku 14 za kukata rufaa. Zikipita, itambidi aiombe mahakama ruhusa na kueleza sababu ya kuchelewa. Mara nyingi siku hizo hupotea katika kilio na kulaumiana nyumbani. Haki yenyewe imo katika Kifungu cha 50 cha Katiba, na asiye na wakili hakunyimwa: mfungwa aweza kumkabidhi mkuu wa gereza maombi yake ya rufaa, yafikishwe mahakamani. Familia nayo iombe mapema nakala ya mwenendo wa kesi na ya hukumu.

Kutoka kwa hakimu, rufaa huenda Mahakama Kuu. Huko ushahidi wote hupitiwa upya, huku jaji akikumbuka kuwa yeye hakuwaona mashahidi kwa macho yake. Katika shtaka la njama swali kuu ni hili: je, makubaliano ya kutenda kosa yalithibitishwa? Kupanda gari moja na mhalifu, au kulala nyumba moja naye, peke yake si makubaliano. Huulizwa pia iwapo kilichokamatwa ndicho hasa kilichopimwa na mkemia wa serikali, na kilipitia mikono ya nani.

Yako mambo mawili ambayo wengi huyajua wakiwa wamechelewa. Aliyekiri kosa, kwa kawaida, hawezi tena kupinga kutiwa hatiani. Hupinga ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Kwa hiyo ile nasaha ya "kubali tu yaishe" yaweza kumfungia kijana mlango. La pili, Mahakama Kuu ina uwezo wa kupunguza kifungo, na pia wa kukiongeza. Rufaa isikatwe kwa hasira.

Tuulizie vilevile siku alizokaa rumande, kwani sheria yataka zizingatiwe katika kifungo. Mahakama Kuu ikikataa, ipo Mahakama ya Rufaa, lakini huko husikizwa hoja za kisheria pekee.

Na ikiwa kijana alitenda kweli, rufaa haishiki nafasi ya toba. Twawausia akina mama na dada zetu wayashike yote mawili: karatasi za mahakama mkono mmoja, na nasaha kwa mtoto mkono wa pili. Mwenyezi Mungu awajaalie mahakimu wetu uadilifu, na awaepushe watoto wetu na balaa hili. Amin.