SHA: Kabla ya kujaza majibu, muulize anayejua

Wakazi wengi wa Meru na Embu hudhani kwamba mtu akishajisajili katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, amekwisha kata bima. Dhana hii huwakwamisha wagonjwa mlangoni pa wadi.

SHA ilichukua mahali pa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kujisajili ni bure, na aliyesajiliwa hutibiwa bila malipo katika zahanati au kituo cha afya. Lakini akilazwa katika hospitali kubwa, kama zile za rufaa za Meru na Embu, bima humlipia tu ikiwa mchango wake umelipwa. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Asiye na mwajiri hutakiwa kutoa mchango wa mwaka, usiopungua Sh300 kwa mwezi.

Ni kiasi gani hasa? Hapo ndipo penye kazi. Mfanyabiashara au mkulima huulizwa kuhusu nyumba, maji, choo, mifugo na watu wa nyumbani kwake, kisha mapato yake hukadiriwa. Kijana wa saiba hodari wa kupiga chapa si lazima awe anaelewa uzito wa maswali hayo. Akijaza kwa kukisia, mkulima wa muguka kutoka Siakago anaweza kutozwa kama tajiri.

Jambo jingine huwapata watu wa mjini. Huwezi kumwandika mama yako aliye Igembe kuwa mtegemezi wako. Wategemezi ni mke au mume na watoto. Mzazi husajiliwa kivyake na huwa na mchango wake, hata kama mlipaji ni wewe. Wengi huambiwa vingine, na ukweli hujulikana mzee akiwa tayari machela.

Ushauri wa kuaminika hupatikana kwa maafisa wa SHA, ambao pia huhudumu katika vituo vya Huduma mjini Meru na Embu. Wakala wa bima za kibinafsi naye ana elimu yake, mradi ana leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ila kumbuka kwamba hula kamisheni.

Nenda na kitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Makadirio yakikuzidi uwezo, muulize afisa jinsi ya kuomba yaangaliwe upya, na umuulize kabla hujaugua.