Chuchumaa Nikuone

Kijana wa bodaboda anaingia kliniki ya mifupa, wiki ya kumi na mbili tangu avunjike paja kwenye barabara ya Jinja. Utaratibu anaujua. Anaegemeza gongo lake ukutani, anavuta suruali juu kidogo, na kabla sijafungua mdomo ananiuliza, "Musawo (daktari), nichuchumae?" Anashuka polepole, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza, kisha anauachia. Makalio yanakaribia visigino. Namwambia atabasamu, nampiga picha.

Picha hiyo ni kipimo cha kupona. Zamani paja lililovunjika lilitibiwa kwa kuvutwa, na hata leo hutibiwa hivyo pale vifaa vinapokosekana: mgonjwa analala chali wiki sita na zaidi, mguu ukivutwa na uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda. Kwa mtu anayelipia pikipiki ya mkopo, wiki hizo zinatosha kumfilisi. Mwaka 1999 daktari Mmarekani, Lewis Zirkle, alianzisha shirika la SIGN mjini Richland, jimbo la Washington, akizifikiria hospitali zisizo na mashine ya eksirei ya kuonyesha mfupa wakati upasuaji unaendelea. Chuma chao huingizwa ndani ya uvungu wa mfupa, na skrubu hukazwa kwa kufuata kipimo kinachofungwa nje ya mguu, ambacho kinaelekeza matundu ya chuma yalipo. Hospitali ya Mulago hapa Kampala ni miongoni mwa zinazotumia chuma hicho. Shirika linataka kila upasuaji uwekwe kwenye kumbukumbu, pamoja na picha za mgonjwa anaporudi, akiwa amechuchumaa na kutabasamu.

Kwa nini kuchuchumaa? Kwa sababu mfupa usiounga hauwezi kubeba mwili katika mkao huo, goti lililokakamaa halikunjiki, na mwenye usaha ndani maumivu yake huonekana usoni. Watafiti waliofuatilia wagonjwa wa Dar es Salaam walichapisha mwaka 2019 kwamba picha hiyo inaweza kusaidia kutambua mfupa uliounga, jambo kubwa kwa mgonjwa asiyemudu eksirei kila anaporudi.

Ila lazima arudi, na wengi hawarudi. Nauli kutoka mbali kama Arua si mchezo, na anayetembea bila gongo hujiona amepona. Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Vijidudu vikikifikia chuma hujishikiza juu yake na kujifunika kwa utando ambao dawa hupenya kwa shida. Kidonda kilichokwisha kufunga kikianza tena kutoa maji, maumivu yakikuamsha usiku, au homa ikija bila sababu, usiende kununua vidonge dukani. Rudi kwa aliyekupasua. Na mfupa uliotoboa ngozi na kugusa vumbi la barabara unataka dawa ya kuua vijidudu mapema kabisa, ndani ya saa ya kwanza ikiwezekana, kisha uoshwe vizuri chumba cha upasuaji.

Usalama wa chumba hicho nao una ushahidi wa jirani. Orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani, ile inayoilazimu timu nzima isimame na kutaja kwa sauti jina la mgonjwa, mguu upi na dawa ipi imetolewa, ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo ya mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka 11 hadi 7. Una haki ya kuuliza kama orodha hiyo itasomwa siku yako.

Uti wa mgongo hauna kipimo rahisi kama kuchuchumaa. Aliyeanguka kutoka juu ya mfenesi anaweza kuwekewa vyuma vya kuzishika pingili zisicheze, na mfupa unaobana ugwe wa mgongo (neva kuu ipitayo ndani ya pingili) ukaondolewa. Ugwe uliokatika hakuna upasuaji wa kuuunga, na ndugu waambiwe hivyo kabla ya kuuza shamba. Wengine huumizwa zaidi njiani, wanapopakiwa mshikaki kwenye boda kati ya dereva na ndugu anayewashikilia, shingo ikiyumba. Majeruhi wa mgongo abebwe amelala, hata juu ya mlango uliong'olewa, kichwa na kiwiliwili vikigeuzwa kwa pamoja. Kifua kikuu cha pingili ni habari nyingine: mara nyingi hupona kwa vidonge vya miezi mingi bila kisu, na upasuaji hubaki kwa anayezidi kupooza au kupinda.

Kwenye viungo bandia, kuchuchumaa hugeuka kuwa tatizo. Goti bandia kwa kawaida hukunjika nyuzi 110 hadi 120, na kuchuchumaa kikamilifu kunataka zaidi ya 130. Nyonga bandia ikikunjwa mno, hasa miezi ya mwanzo, inaweza kuchomoka. Kwa mwenye choo cha shimo hilo ni swali la kila asubuhi, na kiti cha mbao kilichotobolewa katikati kitengenezwe kabla ya siku ya upasuaji.

Wagonjwa wetu wa nyonga si wazee tu. Selimundu huua kichwa cha mfupa wa paja kwa kuzuia damu isikifikie, na uchunguzi wa watoto wachanga nchini Uganda ulikuta asilimia 0.7 wana ugonjwa huo. Takwimu za nchi tajiri zilizochapishwa mwaka 2019 zinaonyesha nyonga bandia takriban 58 katika kila 100 hudumu miaka 25. Aliyewekewa akiwa na miaka 26 ajiandae kupasuliwa tena.

Binti mmoja wa umri huo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza lake: je, ataweza kupiga magoti siku ya kwanjula yake, sherehe ya kumtambulisha mchumba, mbele ya wazee? Nilitandika shuka sakafuni, nikamwomba anionyeshe. Alipiga magoti na kukalia miguu iliyolazwa upande, kiwiliwili kimeinama. Hapana, hivyo hapana. Tukajaribu tena: goti la upande wa nyonga mbovu litangulie chini, mgongo wima, na shangazi awe karibu wa kumshika anapoinuka. Alirudia mara tatu. Nikayaandika hayo kwenye faili lake, juu kabisa, kabla ya orodha ya dawa.