Udahili Hauanzi Julai

Mwezi wa Julai ufikapo, na Baraza la Mitihani la Tanzania likiwa limekwisha kutangaza matokeo ya kidato cha sita, nyumba nyingi za nchi hii, tangu Bukoba hata Chake Chake, huingia katika shughuli ya aina moja: simu inapitishwa mkono kwa mkono, mjomba aliyewahi kusoma chuo anapigiwa atoe nasaha, na kila mtu katika jamaa, ajuaye na asiyejua, anataja kozi aipendayo yeye. Shughuli hiyo ina baraka zake, wala simlaumu mzazi anayetaka kumsaidia mwanawe. Lakini wengi wa wanaoulizana siku hizo aombe nini na aombe wapi hawana habari kwamba sehemu kubwa ya jawabu imekwisha kutolewa, tena kwa maandishi, karibu miaka mitatu nyuma, na kijana ambaye wakati huo hakuwa na mtu wa kukaa naye.

Maana mlango wa chuo kikuu hufunguliwa au hufungwa siku ile mwanafunzi wa kidato cha nne anapojaza machaguo yake katika mfumo uitwao Selform na kutaja tahasusi aitakayo, yaani yale masomo matatu atakayoyasoma kidato cha tano na cha sita. Wanafunzi wenyewe huziita tahasusi hizi kwa herufi tu: PCM kwa Fizikia, Kemia na Hisabati, PCB kwa Fizikia, Kemia na Baiolojia, EGM kwa Uchumi, Jiografia na Hisabati, HKL kwa Historia, Kiswahili na Kiingereza, na nyinginezo. Zamani zilikuwa chache, na mwanafunzi aliweza kuzihesabu zote akiwa amekaa chini ya mwembe wa shule. Mwaka 2024 Serikali iliziongeza hata zikafika 65, zikiwamo za lugha za kigeni, za muziki, za michezo na za elimu ya dini, jambo ambalo ni neema kwa wenye vipawa mbalimbali, ila limezidisha haja ya kuuliza kabla ya kuchagua, kwa kuwa si kila shule inafundisha kila tahasusi, wala si kila tahasusi inafikisha kila mahali.

Chukua mathalan CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia. Ni tahasusi nzuri, nayo humfikisha mtu kwenye kilimo, lishe, mazingira na mengi mengineyo. Lakini haina Fizikia, na shahada ya udaktari wa tiba hudai Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu, kila moja kwa alama isiyo chini ya D. Kijana aliyekwepa Fizikia kwa sababu mwalimu wake alikuwa mkali, huku moyoni akiendelea kujiona amevaa koti jeupe katika hospitali ya Muhimbili, amekwisha kuiaga Muhimbili bila kujua, na hakuna A ya Jiografia itakayomrudisha. Vivyo hivyo aliyesoma PCB hana Hisabati ya juu ambayo kozi za uhandisi huidai, na mwombaji wa kozi nyingi za biashara na uchumi asiye na Hisabati hiyo hutazamwa alama yake ya Hisabati ya kidato cha nne, somo ambalo wanafunzi wa sanaa wamezoea kulipa kisogo tangu kidato cha pili kwa dhana kwamba halitawafuata. Huwafuata. Kwa hiyo mzazi atakaye kumsaidia mtoto wake asingoje Julai ya kidato cha sita. Amketishe akiwa kidato cha tatu, amwulize anapenda nini na anaweza nini (nayo ni maswali mawili mbalimbali, ingawa sisi wazee huyachanganya), kisha warudi nyuma kutoka kozi hadi masomo, badala ya kuanza na masomo na kutumaini kwamba kozi itajileta. Na iwapo matokeo ya kidato cha nne yamekuja tofauti na ilivyotarajiwa, bado ipo nafasi: Ofisi ya Rais, TAMISEMI, hufungua tena mfumo huo kwa muda ili mwanafunzi abadili machaguo yake kwa kadiri ya alama alizopata, na nafasi hiyo wengi huipitisha kwa uzembe tu.

Jambo la pili liwababaishalo watu ni hesabu ya pointi, na kubabaika kwao kuna udhuru, kwa kuwa hesabu zenyewe ni mbili na zinakwenda kinyume. Katika kupanga madaraja, Baraza la Mitihani huhesabu A kuwa pointi 1, na kadiri pointi zinavyopungua ndivyo sifa inavyopanda, hata daraja la kwanza la kidato cha sita likawa ni kuanzia pointi 3 hadi 9. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoundwa mwaka 2005 ili kusimamia ubora na udahili wa vyuo hivyo, huhesabu kwa kupanda: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na sharti la jumla la kuingia shahada ya kwanza ni kufaulu, kwa alama ya E au zaidi, masomo mawili yanayohusika na kozi, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4. Ndipo baba mmoja hufurahi kwa pointi chache na jirani yake hufurahi kwa pointi nyingi, nao wote wawili wamesema kweli.

Lakini sharti hilo la pointi 4 ni la chini kabisa, na hapa ndipo panapotakiwa uangalifu kuliko pote. Kutimiza sharti ni kupata ruhusa ya kusimama katika safu. Nani atachukuliwa katika safu hiyo huamuliwa na idadi ya nafasi na ubora wa wenzako waliosimama nawe. Kozi ya tiba huandikwa kwamba yahitaji pointi 6, na mwenye pointi 6 kamili akiomba katika vyuo vinavyogombewa zaidi yamkini asione jina lake, ilhali pointi hizohizo katika kozi nyingine ya sayansi zingempa nafasi bila taabu. Mwombaji mwenye akili, basi, huchagua kwa tadbiri: huweka kozi moja ya juu ambayo moyo wake unaitamani, akaweka na nyingine anazoziweza kwa hakika, wala hapeleki maombi yake yote mahali ambapo kila mwenye A tatu nchini amepeleka yake. Masharti ya kila kozi ya kila chuo yamo katika kitabu cha mwongozo ambacho Tume hukitoa kila mwaka, kimoja kwa waliomaliza kidato cha sita na kingine kwa wenye stashahada na sifa nyingine zinazolingana. Mwongozo huo umeandikwa kwa Kiingereza, jambo ambalo mimi huliona ni dhuluma ndogo kwa wazazi wanaolipa ada. Lakini nakala ya mwaka uliopita yaweza kusomwa mapema pamoja na mwalimu, kwa kuwa masharti hayageuki sana mwaka kwa mwaka, na mwanafunzi wa kidato cha tano aliyekwisha kuipitia huingia darasani akijua anasomea nini.

Haifai kusahau kwamba wingi huu wa machaguo ni mgeni kwetu. Hadi miaka ya hamsini, Mtanganyika au Mzanzibari aliyetaka shahada bila ya kutoka Afrika Mashariki alikuwa na Makerere tu machoni pake, na waliofika huko walikuwa wachache mno. Chuo chetu wenyewe kilipoanza Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 1961, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba wa leo, kilikuwa na wanafunzi 14 na somo moja, sheria. Na baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, kijana aliyefaulu kidato cha sita hakuruhusiwa kwenda chuo moja kwa moja. Ilimpasa kwanza kufanya kazi na kupata mapendekezo ya waliomwona akiifanya, hata wengine wakaingia darasani wakiwa na watoto nyumbani. Wazee wa zama hizo, wanapowaona wajukuu wao wakilalamika kwamba kozi ni nyingi mno hawajui washike ipi, huwa na haki ya kucheka kidogo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo halina fahari yoyote, nalo ni karatasi. Na nitalikalia kitako, kwa kuwa waliokwama kwa karatasi hawakukwama kwa kukosa akili. Sisi watu wa pwani, na si sisi peke yetu, tumezoea kuwa na majina mengi: cheti cha kuzaliwa kina Mwanahamisi Juma Ali, mwalimu wa darasa la kwanza ameandika Mwanahamis Juma, na fomu ya mtihani wa kidato cha nne imejazwa M. J. Ally, kila mwandishi akiwa amefuata sikio lake. Kijijini majina hayo matatu ni mtu mmoja asiye na shaka; mbele ya mfumo wa kompyuta ni watu watatu. Chuo kitataka jina la cheti cha mtihani, bodi ya mikopo itataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa Bara, au na wakala wa usajili wa matukio ya kijamii kwa Zanzibar, na yakitofautiana kijana ataanza kuzunguka kwa mawakili kutafuta hati ya kiapo wakati wenzake wanachagua mabweni. Dawa yake ni nyepesi ikitumiwa mapema: shule inaposajili watahiniwa wa kidato cha nne, orodha ya majina hupitishwa ili kila mmoja ahakiki lake, na siku hiyo mwanafunzi awe na cheti chake cha kuzaliwa mkononi, alinganishe herufi kwa herufi. Asiye na cheti, na wapo wengi waliozaliwa nyumbani, akitafute akiwa bado kidato cha kwanza au cha pili. Aliyefiwa na mzazi ahifadhi na cheti cha kifo, kwa kuwa uyatima hauhesabiwi bila ya hati, hata kama mtaa mzima ulikwenda maziko.

Ongeza hapo kwamba mwaka 2013 utaratibu wa wahitimu wa kidato cha sita kwenda Jeshi la Kujenga Taifa ulirejeshwa, na mafunzo hayo huchukua miezi mitatu ambayo aghalabu huangukia wakati uleule wa maombi. Kijana yuko kambini akichimba na kukimbia, matokeo yametoka, dirisha la kwanza la maombi limefunguliwa, na anayemwombea ni dada yake, naye amekwenda kumpa kazi kijana wa steshenari. Wenye steshenari hizi wamewasaidia watu maelfu, na Mungu awalipe. Hata hivyo pana mazoea mamoja ya hatari, nayo ni kijana wa dukani kuweka namba yake mwenyewe ya simu na neno la siri alilolibuni yeye, kwa ajili ya wepesi. Mwombaji akichaguliwa na vyuo viwili au vitatu, hana budi kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwa simu iliyosajiliwa, na siku ya mwisho ikipita bila kuthibitisha, nafasi huenda kwa mwingine. Basi kabla ya kwenda kambini, kijana aandike katika daftari namba yake ya mtahiniwa ya kidato cha nne na ya kidato cha sita, anwani ya barua pepe aliyoifungua mwenyewe, na kozi azitakazo kwa utaratibu wa kupenda kwake, amwachie mtu mmoja anayemwamini pamoja na laini ya simu itakayotumika.

Kuhusu fedha, kosa la kawaida ni kungoja udahili ndipo ifikiriwe. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ina dirisha lake lenyewe, ambalo katika miaka ya karibuni limekuwa likifunguliwa hata kabla vyuo havijatoa majina, na Zanzibar ina bodi yake. Fomu hujazwa mtandaoni, huchapishwa, husainiwa na mdhamini, na serikali ya mtaa au sheha, na mwanasheria, kisha hurudishwa katika mfumo. Na saini moja ikikosekana ombi huhesabiwa halijakamilika. Wenye uhitaji mkubwa, kama mayatima, wenye ulemavu na watoto wa kaya maskini zinazosaidiwa na mfuko wa TASAF, hutazamwa kwanza, lakini hutazamwa kwa hati. Na mzazi amweleze mwanawe waziwazi kwamba hilo ni deni: akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake itakatwa kila mwezi hadi liishe, basi asilichukulie bumu, yaani posho ya chuoni, kama zawadi.

Ambaye jina lake halikutokea dirisha la kwanza hupata la pili, ambapo vyuo huonyesha kozi zenye nafasi, na humo zimo kozi njema zilizoachwa kwa sababu tu majina yake hayana sauti. Aliyekosa alama aweza kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea; aliyekosa moyo wa kurudia aweza kwenda stashahada katika vyuo vilivyo chini ya baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, na akipata wastani wa 3.0 ataomba shahada akiwa na ufundi mkononi, jambo ambalo waajiri wengi hulipenda kuliko wanavyosema. Na aliyekwisha kuripoti chuoni akagundua kwamba kozi siyo, anaruhusiwa kuomba kuhama kozi au chuo katika muda uliowekwa mwanzoni mwa mwaka wa masomo, ilimradi ana sifa za anakokwenda na nafasi ipo. Aende ofisi ya udahili katika wiki ya kwanza, akiwa na vyeti vyake.