Mizani Ina Vitanga Viwili

Mfanya biashara mwaminifu hapimi sukari kwa kuitazama kwa macho. Huweka jiwe la kupimia katika kitanga kimoja cha mizani, na sukari katika kitanga cha pili, kisha hungoja mpaka ulimi wa mizani utulie. Mtu anayetaka kukata shauri katika jambo kubwa yampasa kufanya vivyo hivyo. Lakini wengi hujaza kitanga kimoja tu, kwa maneno ya rafiki zao au kwa matamanio ya moyo wao, na kitanga cha pili hukiacha kitupu. Halafu husema, "Nimekwisha pima." Kwa kweli hawakupima, walichagua kwanza, wakatafuta sababu baadaye.

Mji wa Nairobi umepata kuona mambo mawili ambayo yafaa kukumbukwa na kila mtu, awe wa mjini au wa shamba, kwa kuwa yaonyesha wazi faida ya kupima pande zote mbili.

JENGO LA GHOROFA 60

Kando ya barabara ya Uhuru Highway, karibu na katikati ya mji, iko Uhuru Park, bustani ya watu wote iliyofunguliwa na Rais Jomo Kenyatta katika mwaka 1969. Mtu akaaye chumba kimoja, asiye na ua wala kiwanja, aweza kuja na watoto wake akaketi penye majani bila ya kutozwa hata senti moja.

Katika mwaka 1989 ulitokea mpango wa kujenga ndani ya bustani hiyo jengo la ghorofa 60, liwe makao ya gazeti la Kenya Times, ambalo lilikuwa gazeti la chama cha KANU. Wenye mpango hawakukosa hoja. Walisema mji ungepata maofisi, maduka na mahali pa kuweka magari, na nchi ingepata sifa ya kuwa na jengo refu kuliko yote ya Afrika. Hoja hizo zilikuwa na uzito wake, na hazikufaa kudharauliwa.

Lakini ni nani aliyetia kitu katika kitanga cha pili? Alikuwa ni Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa chama cha Green Belt cha kupanda miti. Hakuanza kwa kelele. Mwezi wa Oktoba 1989 aliwaandikia wakuu wa gazeti barua, akauliza kama habari aliyoisikia ilikuwa ya kweli. Kisha akaeleza ya kuwa bustani ni mapafu ya mji, na ya kuwa wakaaji wa London wasingekubali jengo kama hilo katika Hyde Park, wala wale wa New York katika Central Park. Tena jengo lenyewe lilikuwa la kujengwa kwa fedha nyingi za mkopo, na deni hulipwa na wananchi.

Hoja zake hazikujibiwa, alijibiwa mwenyewe. Mwezi wa Novemba wabunge walimdhihaki katika Bunge, wakataja uanamke wake na kuvunjika kwa ndoa yake, kana kwamba mambo hayo yaweza kuonyesha kama bustani yafaa kujengwa au haifai. Mwezi wa Desemba Mahakama Kuu ilikataa ombi lake la kuzuia kazi hiyo. Hata hivyo, nchi za ng'ambo zilianza kuitilia shaka gharama yake, na katika mwaka 1990 mpango ukaachwa. Bustani ikabaki. Profesa Maathai alipewa Nishani ya Amani ya Nobel katika mwaka 2004.

Wahenga walisema, "Wengi wape." Ni neno jema la kuleta amani barazani, lakini halina maana ya kuwa wengi hawakosi. Katika jambo hili wengi wenye sauti walikuwa upande mmoja, na mtu mmoja mwenye barua alikuwa upande wa pili. Mwenye busara hahesabu vichwa tu, hupima maneno.

MTI WA WAIYAKI WAY

Jambo la pili lilitokea upande wa magharibi wa mji. Barabara ya juu, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, ilipokuwa ikijengwa, mti mkubwa wa mugumo ulikuwa umesimama njiani katika Waiyaki Way. Kwa Wakikuyu mugumo ni mti wa heshima, na tangu kale walisali chini yake. Wengine walisema barabara ni maendeleo, na mti mmoja hauwezi kuzuia gari. Wengine walisema mti wa miaka mingi haununuliwi dukani.

Ingekuwa rahisi kudhani ya kuwa hapana budi upande mmoja ushinde na wa pili ushindwe. Lakini mwezi wa Novemba 2020 ilitolewa amri ya Rais kwamba mti ule usikatwe. Barabara haikuachwa, ilifunguliwa kwa magari katika mwaka 2022. Hapa pana funzo kubwa: mara nyingi watu hugombana juu ya njia mbili, na kumbe iko ya tatu, ambayo haionekani mpaka pande zote zimesikilizwa.

MAMBO YA NYUMBANI

Si serikali tu ipasayo kupima. Tumfikirie mtu wa Kangemi aliyeweka akiba miaka kumi ili anunue kiwanja. Dalali amwambia, "Fanya haraka, wapo wengine watatu wanaokitaka." Maneno hayo yote yako katika kitanga kimoja. Kitanga cha pili ni daftari la ardhi, majirani wa kiwanja, na mke wake, ambaye huenda ameona jambo ambalo mume hakuliona. Tangu mwaka 2021 daftari za ardhi za Nairobi zimeanza kuchunguzwa kwa mtandao wa Ardhisasa. Uchunguzi huo ni kazi ya muda mfupi. Akiba ya miaka kumi ikipotea, hairudi upesi.

Kabla ya kukata shauri, yafaa mtu ajiulize maswali manne. Je, nimemsikiliza mtu asiyekubaliana nami mpaka akamaliza? Je, naijibu hoja yake, au namtukana mwenyewe? Je, ni habari gani ambayo ikiwa ya kweli itanifanya nigeuze nia? Na je, hapana njia ya tatu?

Lakini kupima si kusitasita. Mfanya biashara hasimami mbele ya mizani kutwa nzima na wanunuzi wakingoja. Ulimi ukitulia, hufunga sukari na kumpa mwenyewe. Vivyo hivyo mtu aliyekwisha sikia pande mbili na akate shauri, alishike. Na zikija habari mpya zenye uzito, asione haya kupima tena.